Sentensi Isiyopingwa na Nchi Yoyote

Kutoka Johannesburg hadi baharini ni mwendo wa saa sita kwa gari, ukijaliwa kutokwama nyuma ya malori pale barabara inaposhuka kuelekea Durban. Hilo halijauzuia mji huu kuwa mahali pa mikutano ya usalama wa bahari. Sababu ni uwanja wa ndege. Mjumbe wa Maputo, wa Dar es Salaam, wa Antananarivo, wote hupata ndege ya kuwaleta, na hoteli zilizo karibu na uwanja zina kumbi zisizo na madirisha, ambamo watu wanaweza kuzungumzia mawimbi siku tatu bila kusumbuliwa hata na dimbwi.

Mimi ndiye huandika kumbukumbu za mikutano hiyo. Shahada yangu ya tatu ni ya sheria ya bahari. Sijui kuogelea. Niliwahi kutapika kwenye feri ya Likoni, safari ambayo akina mama huimaliza wakitafuna mahindi ya kuchoma na kusengenyana. Chuo kikuu kimoja hapa mjini hunipa vipindi vya kufundisha kinapopungukiwa na watu, na kinapojitosheleza hunisahau, basi mikutano ya uharamia ndiyo iliyonisomeshea watoto. Nikiwaambia Wakenya wenzangu kwamba ninaishi kwa maharamia, wale wanaofanya kazi benki hucheka kwa adabu, kisha huniuliza kama nimewahi kuwaona. Sijawahi. Nimewaona wanaowazungumzia, nao ni wengi zaidi.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Mwisho wa mkutano lazima pawe na tamko. Nchi isipolipenda neno, neno hilo hutiwa ndani ya mabano, na hukaa humo mpaka mtu achoke. Nimeyaona mabano yakikaa miaka minne kuzunguka neno "haraka". Ninachokifanya ni kuandika, kutia mabano, kutoa mabano, na kuhakikisha kwamba kila mjumbe anapopanda ndege ana karatasi ambayo haikumwagiza jambo lolote kwa jina. Zamani nilikuwa nikiudhika. Siku hizi huuliza tu chai ni saa ngapi.

Mkutano ninaoukumbuka hapa ulikuwa wa kawaida kabisa, ila Jumapili iliyoutangulia nilisimamishwa kanisani.

Kanisa letu liko ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya mji, lililokuwa zamani ofisi za bima. Ibada ya saa nne ni ya Kiswahili, maana yake Wakongomani wengi, Warundi kiasi, Watanzania wachache, na sisi Wakenya ambao hukaa upande mmoja tukijiona tunasema Kiswahili kibaya kuliko wote, na ni kweli. Lifti ilikufa kabla sijahamia mji huu. Pale kwenye ngazi alinisimamisha mama mmoja wa kwaya, Mkongomani wa Kalemie, msusi mwenye kiti chake katika saluni moja ya Hillbrow. Alimsuka mke wangu kila mwezi, kwa hiyo alijua mambo yangu mengi kuliko nilivyopenda.

"Papa Docta," aliniambia, "wanasema uko na mkutano ya maharamia."

"Si wangu, mama. Mimi naandika tu."

"Njo ile," alisema, kwa ile "njo" ya Wakongomani ambayo ni "ndiyo" yetu. "Mwenye kuandika njo mwenye kujua." Aliangalia nyuma, akashusha sauti. "Bwana yangu iko mu meli. Ile walikamata."

Niliijua meli hiyo. Ilikuwa kwenye ajenda, kipengele cha sita. Meli ndogo ya mizigo, ilikamatwa mbali na pwani ya Somalia miezi mitano nyuma. Bendera yake ilikuwa ya nchi ya visiwa ambayo, nina hakika, nahodha mwenyewe asingeweza kuionyesha kwenye ramani. Mwenye meli alikuwa kwingine, mzigo ni wa kwingine, na mabaharia walitoka nchi tano. Nilikuwa nayo orodha ya mabaharia hao kwenye kompyuta yangu. Hapakuwa na Mkongomani hata mmoja, na nilimwambia hivyo.

"Najua," alisema. "Iko Mtanzania."

Alinieleza pale pale, watu wakitupita na watoto na sufuria za chakula cha mchango. Mumewe alikulia kwenye injini za maboti ya Ziwa Tanganyika. Walipokimbilia Johannesburg alilinda mlango wa jengo miaka mingi, akachoka na mlango, akateremka Durban kutafuta injini. Huko alipata rafiki, baharia wa Tanga, mwenye kitabu halali cha baharia na nafasi iliyomngoja kwenye meli hiyo, kazi ya kutia mafuta na kufuta mitambo. Siku chache kabla ya meli kuondoka, mgongo wa yule wa Tanga uligoma. Hakuweza kuinama, sembuse kushuka ngazi za chumba cha injini. Akamwachia mwenzake kitabu, akarudi kwao kutibiwa.

"Na picha?" niliuliza.

"Wote wawili ni kipara, na ndevu. Capitaine aliangalia kitabu, hapana sura."

Basi mtu wa Kalemie alipanda melini akiwa mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga ndiye aliyetekwa.

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekaa darasa moja miaka mitatu. "Niseme wapi, Papa? Niende kwa ubalozi ya Tanzania niseme mimi ni Mukongomani? Ao niende kwa ubalozi ya Congo niseme bwana yangu ni Mutanzania?"

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alikuwa amesikia, na alisikia sawasawa, kwamba siku mateka wanapoachiliwa kila nchi huja na orodha yake, husoma majina, na huondoka na watu wake. Alitaka kujua nani atamchukua mumewe. Kama Tanzania itagundua si wake na Congo haina habari naye, atabaki bandarini kama mzigo uliokosa mwenyewe. Yule wa Tanga alimpigia simu mwanzoni, akalia, kisha akaacha kupokea.

"Nitaona," nilimwambia.

Mkenya akisema "nitaona" amekwisha kuaga. Lakini yeye alinishika mkono kwa mikono miwili akasema asante, na nilishuka zile ngazi nikiwa nimebeba jambo.

Siku ya kwanza ya mkutano ilikwenda kama zinavyokwenda zote. Kila nchi ilitoa salamu. Kila nchi ilikuwa tayari kumkamata haramia, ila hakuna iliyokuwa tayari kumpikia, maana ukishamkamata lazima umfungulie kesi, umtafutie wakili na mkalimani, umlishe miaka, na mwisho useme atarudishwa wapi. Tulilizungukia jambo hilo mpaka jioni. Kisha tukaingia kwenye chuo cha kuwafunza walinzi wa pwani. Tanzania ilikitaka, na jirani mmoja alikitaka, na kila mmoja alikuwa ameutia mji wa mwenzake ndani ya mabano. Mwenyekiti wetu, mwanamama mwanasheria mwenye subira ya muuguzi, aliufunga mjadala huo mara mbili nao ukafufuka mara mbili.

Siku ya pili tulifika kipengele cha sita. Hapa lazima nijieleze, kwa sababu nilichokifanya nilikifanya kwa nia njema na kwa elimu, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kinaharibu zaidi.

Mwandishi wa mkutano huandaa rasimu. Nchi hazipendi kuanza na karatasi tupu, kwa hiyo huandika mimi kwanza, nazo hukata. Kwenye aya ya mateka niliongeza sentensi moja: "Mkutano unazihimiza nchi zote husika kuthibitisha utambulisho na uraia wa kila baharia anayeshikiliwa, ili asiachwe yeyote." Niliisoma mara tatu. Niliona nimepiga hesabu vizuri. Wakithibitisha, watagundua yupo Mkongomani. Wakigundua, Congo itaambiwa. Congo ikiambiwa, atakuwa na wa kumchukua. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda katika vitabu nilivyosoma, na katika kimoja nilichoandika, kilichonunuliwa na mama yangu.

Mwenyekiti aliisoma sentensi kwa sauti. Akangoja. Hakuna aliyeinua kibao cha nchi yake. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Imepita," akasema. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kuona sentensi ikipita bila mtu hata kukohoa. Ilikuwa sentensi pekee ya tamko lile isiyokuwa na bano hata moja. Nilitoka kwenda chai nikiwa mwepesi, nikala sambusa tatu.

Ya nne ilikuwa mkononi aliponijia afisa wa Tanzania. Alikuwa mzee kunizidi, mrefu, suti ya Kaunda ya kijivu, mtu wa kumbukumbu za mabaharia huko Dar es Salaam. Siku mbili alikuwa amesema machache, yote kuhusu chuo.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Ile sentensi ya uthibitisho imetoka nchi gani?"

"Imetoka sekretarieti."

"Sekretarieti ni akina nani?"

"Ni mimi na kompyuta."

Alitikisa kichwa polepole. "Umesoma sana wewe?"

"Kiasi, mzee."

"Inaonekana," alisema. "Weka hiyo sambusa chini, njoo nje."

Tulisimama kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, maji pekee ya mkutano ule. Aliniuliza ni nani aliyeniomba niandike vile. Nilijaribu kumjibu kwa lugha ya mikutano, nikasema mazingira yanadai, akanitazama mpaka nikaona aibu. Nikamwambia yote: msusi, Kalemie, Durban, mgongo, vipara viwili. Nilipomaliza nilitarajia hasira. Alivua miwani akaifuta kwa shati, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Alikuwa anacheka.

"Mateka wangu huyo," alisema, "huja ofisini kwangu kila Ijumaa baada ya swala."

"Nani?"

"Wa Tanga! Amehamia Dar, ana kibanda cha kuziba pancha. Mwezi wa kwanza tulipiga simu kwa mama yake kumpa pole. Mama akasema mbona mwanangu yuko uani anakula? Tukadhani kachanganyikiwa kwa uchungu, tukatuma na shehe. Wiki iliyofuata mateka akaja mwenyewe, mgongo umefungwa kitambaa, anaomba tumtoe kwenye orodha, maana watu wa msikitini wanamwombea dua na yeye yuko safu ya pili."

"Mkamtoa?"

"Hapo ndipo ninapokutaka." Alivaa miwani, na kicheko kikaondoka. "Nikimtoa, kule melini kuna nani? Hakuna mtu. Kuna mdomo unaokula. Siku ya kusoma majina, huo mdomo hauna jina la kuitikia. Nikamwambia yule kijana wa pancha, mwanangu, vumilia, endelea kutekwa. Miezi mitano nimeliacha jina limelala kwenye faili. Sikumdanganya mtu, maana hakuna aliyeniuliza. Sasa wewe umezihimiza nchi zote ziniulize."

Niliichomoa rasimu mfukoni, nikaisoma sentensi yangu mara ya nne.

"Tamko hili litafika mezani kwa wakubwa wangu Jumatatu," aliendelea. "Wataona kuna jambo rahisi, halina gharama, halina ubishi. Wataniagiza nithibitishe. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nikiulizwa kama mtu aliye melini ni Mtanzania, nitasema sijui. Nikiulizwa kama mwenye jina yuko melini, nitasema hayuko. Basi. Nimemfuta."

"Nitaifuta mimi hiyo sentensi."

"Kwa mamlaka gani? Imepita. Kila mtu ana nakala. Tena sentensi iliyofutwa husomwa kuliko iliyobaki."

Tulitazama maji. Mfanyakazi wa hoteli alikuwa akivua majani kwa wavu wenye mpini mrefu, bila haraka, na nilimwonea wivu kwa kuwa kazi yake ilionekana.

"Usifute," alisema mzee hatimaye. "Ongeza. Wathibitishwe, ndiyo, lakini baada ya kurejeshwa. Kwanza warudi. Wakishashuka, ulizeni mtakavyo."

"Aya imefungwa, mzee. Kuifungua lazima nchi zote zikubali. Jirani yako akiona unataka kitu, atakikataa kwa ajili ya chuo tu."

"Najua," alisema, akarudi ndani bila kunywa chai.

Usiku ule nililala. Nasema hivyo kwa sababu ningependa kuandika kwamba sikulala, lakini nina umri ambao mwili haungoji ruhusa ya dhamiri.

Siku ya tatu, asubuhi, magari ya kupeleka watu uwanja wa ndege yalikuwa yamekwisha kujipanga nje. Yule mzee aliinua kibao chake. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni, kwamba ujumbe wake umetafakari usiku, na kwa moyo wa ushirikiano unaondoa mabano yake kwenye aya ya chuo. Jirani yake, aliyekuwa akifungua pipi, aliiacha pipi. Mwenyekiti alishika kifua. Kisha mzee akasema kwamba ujumbe wake ungeshukuru pia kama aya ya mateka ingefanyiwa marekebisho madogo, maneno matatu, ili kuwapunguzia ndugu hao usumbufu. Akayasoma.

Nani angekataa? Jirani alikuwa ameshapewa chuo. Wengine walikuwa wakiangalia saa. Mwenyekiti alitazama kushoto, akatazama kulia. Imepita.

Niliyaandika maneno yale matatu, "baada ya kurejeshwa".

Nilimfuata kwenye mlango, mkoba wake ukiwa begani. "Mzee, nyumbani watakuuliza kuhusu chuo."

"Wataniuliza."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia mwandishi alikuwa Mkenya."

Akapanda gari. Nilijua haikuwa mzaha wote. Kuna watu walimtuma aje na chuo, naye alirudi na maneno matatu kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hata hakuwa wa kwao.

Jumamosi nilikwenda Hillbrow kumpa msusi habari. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza mabano ni nini, kufungua aya ni jambo zito namna gani, jinsi nchi zaidi ya kumi zilivyokubali kwa pamoja. Alikuwa akimsuka dada mmoja aliyefumba macho kwa maumivu, na mikono yake haikusimama.

"Siku tatu?" aliuliza.

"Siku tatu."

"Nchi yote ile?"

"Ndiyo."

"Na mumetoka na maneno tatu."

"Ndiyo, mama."

"Eish," alisema. Yule dada kwenye kiti alifumbua jicho moja akanitazama. "Sasa atarudi?"

"Akiachiliwa, ataitwa jina. La yule wa Tanga. Lazima aitikie."

"Ataitikia," alisema. "Bwana yangu hana kichwa ya shule, lakini hana ujinga."

Sikulichukulia kama tusi mpaka nilipofika kwenye robot ya pili, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa.

Waliachiliwa baada ya miezi mingine mitatu. Ningependa kusema tamko letu lilisaidia. Walioachilisha walikuwa wazee fulani wa pwani ya kule na wakili wa mwenye meli, kwa simu nyingi ambazo hakuna aliyeziandikia kumbukumbu. Manowari ya nchi ya mbali iliwachukua hadi Mombasa, na pale gatini wakapangwa mstari, na maafisa wa nchi tano wakasimama na karatasi zao. Mzee wa Dar es Salaam alinipigia Jumanne nikiwa darasani. Nilitoka nje na wanafunzi wangu wakafurahi.

"Nimeita jina," alisema. "Mtu akaitikia. Nikaita mara ya pili kwa ajili ya kumbukumbu, akaitikia kwa sauti zaidi."

"Mko wapi sasa?"

"Nimesharudi naye Dar. Wa pancha alikuja kumpokea, wamekumbatiana, wanalia, huyu anaomba msamaha na yule anaomba msamaha. Nilikwenda kupokea mateka mmoja, nimekaa ofisini na wawili. Na sasa," akakohoa, "sasa amerejeshwa. Tamko lenu linasema nini?"

Nilijua linasema nini. Baada ya kurejeshwa, wathibitishwe.

Wakamthibitisha. Yeye mwenyewe alisema ukweli bila kubanwa; miezi minane ya jina la mwenzake ilikuwa imemtosha. Yule wa Tanga alipewa onyo na kitabu chake. Mtu wa Kalemie alipewa chakula, shati, daktari wa kumpima, na barua nzuri, na kwa kuwa amethibitishwa ni wa Kalemie, alipelekwa Kalemie: treni hadi Kigoma, boti kuvuka ziwa. Mzee alimsindikiza hadi stesheni. Alifanya kila kitu kwa utaratibu, na utaratibu ulikuwa wangu.

Msusi aliponiita saluni hakuwa na mteja. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona amekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Wamemurudisha Kalemie," alisema. "Papa, Kalemie! Kwenye tulikimbia! Nyumba ilichomwa, sasa analala kwa nani?"

Nilianza kusema kwamba yuko hai, kwamba yuko huru, kwamba kulikuwa na njia mbaya zaidi. Yote yalikuwa kweli na nilisikia jinsi yalivyosikika. Alilia kidogo, akajifuta kwa taulo ya kazi, akasema hanilaumu. Kisha akasema afadhali angenilaumu, maana angekuwa na mtu wa kulaumu. Nilikaa kwenye benchi la wateja nusu saa. Hiyo ndiyo kazi ya ushirikiano wa kimataifa niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Mumewe alishuka tena Johannesburg kwa barabara, kama alivyoshuka mara ya kwanza. Lubumbashi, Zambia, kisha vichochoro ambavyo sikuuliza. Wiki saba. Msusi hakumwambia mtu kanisani. Aliendelea kuimba sauti ya pili na kutazama mlango.

Mwezi uliopita walinialika kula, Jumamosi mchana, chumbani kwao, ghorofa ya tisa. Kulikuwa na ugali wa muhogo na ndakala, wale dagaa wa ziwa, waliokaangwa wakavunjika vizuri. Mume mwenyewe alikuwa mfupi kuliko nilivyomwazia, kipara kweli, ndevu zimeingia mvi. Alikula kwa mpangilio, upande mmoja wa sahani kwanza. Nilimuuliza kuhusu melini. Alisema maharamia walimlazimisha kuendesha injini ndogo ya umeme usiku na mchana ili wachaji simu zao, na kwamba injini ile ilikuwa mbaya, mtu aliyeifunga hakuijua kazi. Alilieleza hilo kwa urefu, kwa hasira ya kweli, kwa mikono. Mengine aliyapita. Nilimuuliza walimwitaje kule. Akasema kwa lile jina la kitabuni, na capitaine vilevile, na yeye alizoea.

Mkewe akamwambia mimi ndiye niliyeandika ile sentensi.

"Njo weye?" aliniuliza, akaacha kutafuna.

"Ndiyo mimi. Ile ya kwanza pia, iliyokaribia kuharibu. Na ile ya pili iliyokupeleka Kalemie."

Aliwaza. "Mama yangu aliniona," alisema. "Ni muzee sana. Singekwenda mimi mwenyewe." Akaendelea kula, na mkewe akatazama dirishani, na sikujua kama nilikuwa nimesamehewa au nimeelezwa tu habari.

Nilipoinuka kuaga nilimwambia kwamba huwa naandika pia mambo yasiyo ya mikutano, na kwamba ningependa kuliandika hili, akiniruhusu. Alimtazama mkewe. Mkewe akainua mabega.

"Andika," alisema. "Lakini jina usitie."

"Lako, au la yule wa Tanga?"

"Yote mbili," alisema, akinisogezea ndakala waliobaki. "Zile jina bado ziko na kazi."